Madaraka Mikoani Yakisomwa Kemambo

Kada anayefundisha historia ya serikali za mitaa hana budi kukisoma kijitabu cha Mwalimu Nyerere cha mwaka 1972, Madaraka Mikoani. Tunashauri kisomwe, ila kisomwe kwa kuhakikiwa, tena pamoja na mahali halisi. Mahali tulipopachagua ni kata ya Kemambo wilayani Tarime, ambako vijiji vya Kewanja na Kerende vinapakana na mgodi wa dhahabu wa North Mara.

Nguvu ya kijitabu iko wazi. Kinashambulia urasimu wa kuamulia Dar es Salaam mambo ya mkulima aliye mbali, nacho kinataka wataalamu wapelekwe waliko wananchi. Makosa yako katika utekelezaji, na mbegu yake imo katika maandishi yenyewe: kijitabu kinachukulia kwamba mtaalamu akisogea karibu na wananchi, basi madaraka nayo yamesogea. Wakurugenzi wa maendeleo walipofika mikoani na wilayani, halmashauri za wilaya zilizochaguliwa zilivunjwa. Kilichotoka Dar es Salaam kilikuwa ofisi, na ofisi ile iliendelea kuwajibika kwa wakubwa wake. Ni vema pia makada wajue kwamba mpango huo uliandaliwa kwa ushauri wa McKinsey, kampuni ya Kimarekani. Jambo hilo peke yake halitoshi kuulaani, lakini linaeleza kwa nini ulijali sana utendaji wa maofisa na kujali kidogo sauti ya diwani.

Hata hivyo, wahakiki wengi wanakosea wanapoanzia mwaka 1972. Halmashauri zilikuwa zimekwisha kupigwa mwaka 1969, Serikali Kuu ilipofuta kodi ya kichwa na ushuru wa mazao, ikabeba yenyewe gharama za elimu ya msingi, afya na barabara. Nia ilikuwa njema: kodi ile ilikuwa mzigo kwa makabwela, na halmashauri nyingi zilikuwa hoi kwa madeni. Lakini chombo kisicho na mfuko hakiamui kitu. Mwaka 1972 kilizikwa kilichokuwa kimeshakufa.

Mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alikiri hadharani kwamba kuzifuta serikali za mitaa lilikuwa kosa. Sheria za mwaka 1982 zilikuwa zimekwisha kuzirudisha, na kodi ya maendeleo ikarudi nazo. Mwaka 2003 kodi hiyo ikafutwa tena, na wananchi wakashangilia, nao walikuwa na haki ya kushangilia kwa jinsi ilivyokuwa ikikusanywa. Lakini je, halmashauri ingekula wapi? Kwa ruzuku, yaani kwa Hazina.

Hapa ndipo Kemambo inapotufundisha. Mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2002. Ulipita mikononi mwa kampuni kadhaa hadi Barrick ikaushika moja kwa moja mwaka 2019, na sasa Serikali ina hisa asilimia 16. Jina lake, North Mara, ndilo jina la wilaya ya kikoloni iliyotawaliwa kutoka Tarime. Mkoloni ameondoka, jina limebaki kwenye dhahabu. Kabla ya mkoloni kuwaletea machifu, Wakuria walikuwa na iritongo, baraza la watu wa eneo lililokaa na kuamua kwa pamoja. Historia ya Kemambo inayoanza na mgodi huufuta ukurasa huo, na huwafuta pia wachimbaji wadogo waliochimba Nyamongo kabla ya kampuni.

Ubaya wa historia ya namna hiyo ni kwamba inageuza haki kuwa hisani. Darasa likijengwa au kisima kikichimbwa, husemwa kwamba ni msaada wa mgodi. Msaada gani? Kwa miaka mingi sheria iliiruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma hadi asilimia 0.3 ya mauzo. Mikataba ya migodi mikubwa ya miaka ya 1990 iliubana ushuru huo usizidi dola 200,000 kwa mwaka, hata bei ya dhahabu ingepanda vipi. Tena mwezi Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodini yakaingia mto Tigithe, ambao watu na mifugo walikuwa wakiutegemea. Atakayeorodhesha visima bila kuutaja Tigithe anaandika tangazo la kampuni.

Marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yamepiga hatua: mpango wa mgodi wa kuihudumia jamii lazima sasa ukubaliwe na halmashauri kila mwaka. Fedha hizo hazipaswi tena kutolewa kwa upendavyo meneja. Lakini tusirudie kosa la 1972 kwa kudhani kwamba zikiwa zimefika halmashauri zimefika kwa wananchi. Urasimu wa wilayani ni urasimu vilevile. Kati ya ofisi ya mkurugenzi na Kewanja kuna diwani, kuna halmashauri ya kijiji, na kuna Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ndio wenye mamlaka ya juu kijijini.

Kwa hiyo mwanafunzi anayepewa kazi ya kuandika historia ya kata yake asianze na orodha ya majengo. Aanze na kumbukumbu za mikutano mikuu ya kijiji: lini mapato na matumizi yalisomwa, yalisomwa na nani, mwananchi gani alisimama kuuliza, na alijibiwa nini.