Kuvunja au Kuzoeza? Istilahi za Mafunzo ya Farasi na Maksai

Miongoni mwa kazi zinazowafikia wafasiri wetu imo mihtasari ya masomo ya vyuo vya ng'ambo. Baadhi ya vyuo hivyo, hasa vya Marekani, hufundisha elimu ya farasi: kumtunza, kumpanda, kumfunza, hata kushindana naye katika rodeo. Chama cha rodeo cha wanafunzi wa vyuo vya huko kimekuwapo tangu mwaka 1949. Makala haya yanakusudia kuzipima istilahi chache zinazotumiwa kutafsiri masomo hayo. Kipimo chetu ni mwalimu na mkulima wa Kyela.

Huenda msomaji akauliza: Kyela na farasi wapi na wapi? Kweli, nchi ile ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa ni ya joto na mvua nyingi, na penye joto na majimaji ndipo wanapostawi usubi waenezao maradhi makubwa ya farasi. Hata hivyo, elimu ya kumfunza mnyama kazi ipo. Ng'ombe ni mali na heshima ya Wanyakyusa tangu zamani, na maksai hukokota plau katika mashamba ya mpunga. Isitoshe, Uyole, ambako barabara ya kwenda Tukuyu na Kyela huchepuka, pana chuo cha kilimo. Na mwaka 1987 ulianza mkoani Mbeya mradi wa kueneza wanyamakazi kwa msaada wa Kanada. Kwa hiyo istilahi itakayofaa kwa farasi yaweza kujaribiwa kwanza kwa maksai.

Tuanze na kosa lililo kubwa. Waingereza husema kwamba farasi mchanga "huvunjwa" kabla ya kupandwa. Mfasiri anayeandika "kuvunja farasi" ametafsiri neno akaacha maana. Mwambie mkulima wa Ipinda kwamba maksai wake amevunjwa, naye atauliza ni mguu upi. Wengine, kwa kuliona hilo, huandika "kutiisha". Neno hili ni Kiswahili safi, lakini lataja tokeo tu, wala halielezi kazi. Tena ladokeza nguvu, kana kwamba fimbo ndiyo mwalimu.

Kazi yenyewe ina hatua mbili, na kila hatua yastahili jina lake. Katika hatua ya kwanza mnyama huzoea kamba, mkono wa mtu, na uzito wa nira shingoni. Katika hatua ya pili hujifunza amri: kwenda, kusimama, kugeuka. Maksai mchanga hufungwa nira pamoja na mzoefu, akajifunza kwa kumfuata mwenzake. Hatua ya kwanza tuiite kuzoeza, na ya pili kufunza. Farasi naye hupitia hatua hizo hizo: kwanza hatamu na tandiko, kisha mpandaji na amri zake. Mwanafunzi akizitenganisha katika daftari, atazitenganisha na shambani. Hatampiga kwa kutojua amri mnyama ambaye bado anaiogopa kamba.

La pili ni jina la somo lenyewe. "Upandaji" peke yake halifai. Katika nchi ya mpunga, cheti cha upandaji kitadhaniwa kuwa ni cha kilimo. "Upandaji farasi" huondoa utata huo, lakini hutaja sehemu moja tu ya somo, na huacha malisho, kwato, maradhi na tabia ya mnyama. Wako watakaopendekeza "ufarisi", kwa kuwa farisi kwa asili yake ya Kiarabu ni mpanda farasi. Hoja hiyo yavutia. Lakini katika Kiswahili neno hilo limekwisha kuhama: farisi ni bingwa wa jambo lolote, na anaweza kuwa farisi wa hesabu asiyepata kumgusa farasi. Twaona "ustadi wa farasi" ni wazi zaidi, nao una ndugu yake, "ustadi wa maksai".

La tatu ni vifaa na mwendo. Hapa Kiswahili hakina njaa. Pwani imetuachia lijamu, chuma cha kinywani, na hatamu, ukanda wa kuongozea. Imetuachia pia telki, mwendo wa haraka wa punda au farasi; matiti, ambao ni wa kasi zaidi; na shoti, mbio zenyewe. Si haki mfasiri kuandika "kukimbia kidogo" na "kukimbia sana" hali maneno hayo yamo kamusini. Lakini si haki pia kumvika maksai hatamu. Maksai ana nira, kamba na sauti ya mwenye kumswaga. Watumishi wengi wa serikali walizifahamu hatamu kwa kusikia kwamba Chama kimezishika, na nira kwa kusikia kwamba ukoloni uliivika nchi. Siasa ilikwisha kuyachukua maneno haya. Sasa darasa liyarudishie maana yake ya asili.

La mwisho ni "rodeo". Neno hili ni la Kihispania, na asili yake ni kuzunguka na kukusanya ng'ombe. Anayelitafsiri "mchezo wa farasi" amemtoa ng'ombe katika kazi iliyoanza kwa ajili yake. Lina mwisho wa irabu tayari. Libaki "rodeo", na mara ya kwanza lielezwe kuwa ni mashindano ya kazi za wachunga ng'ombe. Kumnasa ndama kwa kamba kuna neno letu: kutupa kitanzi.

Tunapendekeza, basi, kwamba istilahi za mnyama kazi zisipitishwe mezani kabla ya kusomwa mbele ya watu wanaofanya kazi hiyo. Jozi ya maksai ni mtaji wa nyumba nzima. Kijitabu kikisema kuvunja pale palipotakiwa kuzoeza, hasara haitakuwa ya kamusi. Itakuwa ya mkulima aliyekiamini, na ya mnyama aliyepigwa hadi akaichukia nira.