Nguo na Mfereji: Uhakiki wa Funzo la Songo Mnara

Katika mijadala ya makada na wanafunzi kuna hoja inayorudiwa mara kwa mara: kwamba dola ndogo iliyo katika eneo lenye misukosuko haina budi kuchagua moja kati ya mawili. Ama ijilinde kwanza, ifunge milango yake, na mambo ya uvumbuzi yangoje amani; ama ifungue milango kwa biashara na maarifa mapya, na iwe tayari kupokea hatari zake. Hoja hii ina sura ya busara. Sisi tunasema ni potofu, na upotofu wake unaonekana katika magofu yetu ya Songo Mnara na katika tarikhi ya dola ya Kilwa iliyoyazaa.

Tuanze na tarikhi hiyo. Iliandikwa kwa Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 16. Nakala yake imehifadhiwa London, na João de Barros alitoa masimulizi yanayofanana nayo kwa Kireno mwaka 1552. Inasema kwamba mtawala wa kwanza, Ali bin al-Hasan, alikinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo kutoka kwa mfalme wa bara. Kisha akachimba mkondo ambao watu walikuwa wakiuvuka kwa miguu maji yanapokupwa, ili bara lisiweze kumfikia tena.

Iwe kweli au hadithi, simulizi hiyo inabeba nadharia kamili ya dola. Nguo ni biashara na ujuzi. Mfereji ni ulinzi. Mwandishi ametambua kwamba vitu hivyo viwili vilizaliwa siku moja, na hapo yuko sawa. Lakini amekosea mahali pakubwa zaidi: mfereji wake umechimbwa dhidi ya jirani. Aliyeuza ardhi amegeuzwa kuwa adui. Baada ya hapo kitabu kimejaa masultani, na nani alimrithi nani, na nani alimpindua nani. Anayekisoma hapati habari za mkata mawe, mchoma chokaa, mshona mitepe wala mkulima wa mtama.

Tuiache tarikhi tuvuke hadi Songo Mnara, kisiwa kilicho kusini ya Kilwa Kisiwani. Mji wake ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14. UNESCO, iliyoyaingiza magofu haya katika Urithi wa Dunia mwaka 1981 pamoja na yale ya Kilwa Kisiwani, inataja jumba kubwa, misikiti mitano na nyumba za kuishi zipatazo 33, zote ndani ya ukuta. Huo ni uvumbuzi wa watu wa pwani hii. Walijua kukata matumbawe yangali mabichi kutoka baharini, kuyachonga kabla hayajakauka, na kuchoma chokaa. Dola yao ilipiga sarafu zake za shaba, ambazo maneno ya upande mmoja yalikuwa na vina na jina la sultani lililo upande wa pili. Sarafu moja ya Kilwa imepatikana hata Zimbabwe Kuu, njia ya dhahabu ya Sofala.

Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta pia mambo ambayo tarikhi haikuyaandika. Ndani ya ukuta uleule kulikuwa na nyumba za miti na udongo. Kumekutwa vigurudumu vidogo vya kusokotea uzi. Chini ya sakafu ya nyumba moja ya mawe ilikutwa hazina ya mamia ya sarafu za shaba. Tunauliza swali la kitabaka: ujuzi ulikuwa wa nani, na akiba ilikuwa ya nani? Uzi ulisokotwa na wengi, na sarafu zikafukiwa chini ya sakafu ya mmoja. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, anamsifu sultani kwa ukarimu wake, lakini anaeleza pia kwamba alizoea kuwashambulia watu wa bara na kuchukua ngawira. Ule mfereji wa tarikhi, basi, haukuzuia mashambulizi. Uliyaelekeza upande mmoja tu.

Dola ya namna hiyo ndiyo iliyokutana na Wareno. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha Amiri Ibrahim kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Julai 1505 Francisco de Almeida alifika na kundi la merikebu, akauteka mji kwa muda mfupi, akajenga ngome na kumweka mtawala wake. Akaendelea hadi Mombasa, ambayo ilipigana, ikachomwa. Malindi, kwa uhasama wake na Mombasa, ilikuwa imekwisha kuwa rafiki wa wavamizi. Miji ya pwani ilianguka mmoja mmoja, kila mmoja ukiutazama mwenzake.

Kuna wanaosema Kilwa ilianguka kwa kukosa mizinga. Jibu hilo ni nusu tu ya ukweli. Wareno walikuwa na mizinga, na bado waliiacha ngome yao mwaka 1512, kwa sababu biashara waliyoijia ilikuwa imewaponyoka. Mizinga iliuteka mji, haikuweza kuuendesha. Tena Kilwa ilifika mwaka 1505 ikiwa imechoka kwa ugomvi wa urithi. Amiri mwenyewe alitawala huku wengine wakimwona mnyang'anyi wa kiti. Nani angemfia? Mkulima wa bara aliyezoea kuvamiwa? Msokota uzi asiyetajwa hata katika kitabu? Na Songo Mnara, pamoja na ukuta wake, ukabaki mahame.

Funzo letu, basi, ni hili: ulinzi usio na umma ni ukuta mtupu, na uvumbuzi usio wa umma ni hazina iliyofukiwa. Vyote viwili huibiwa kwa urahisi.

Taifa letu lilijifunza sehemu ya somo hili kwa gharama. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi lililorithiwa kwa mkoloni, waliasi, na Serikali ikalazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza. Septemba mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukaufanya ulinzi kuwa kazi ya umma, na mgambo wakafundishwa vijijini. Aprili 1980 nchi 9 zilikutana Lusaka kuunda SADCC, ili kupunguza kutegemea Afrika Kusini ya makaburu. Huko kulikuwa kuufukia mfereji kati ya majirani.

Sehemu ya pili ya somo bado haijakamilika. Katika miaka ya 1980, chini ya Wizara ya Ulinzi, mafundi wa Nyumbu kule Kibaha walitengeneza lori. Ulinzi na uvumbuzi walivikuta katika karakana moja. Lakini lori lile halikufika kuzalishwa kwa wingi. Gesi ya Songo Songo, katika Kilwa hiihii, iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004. Mwaka 2013 wananchi wa Mtwara walipohoji bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam litawafaidi nini, mambo yalifikia watu kupoteza maisha na askari kupelekwa. Swali lao lilikuwa lilelile la Songo Mnara: akiba ni ya nani? Toka mwaka 2017 vita vimewaka Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, na Oktoba 2020 wavamizi walishambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Kijana wa mpakani asiyeona faida ya gesi wala ya shule ya ufundi ni mlango ulio wazi, na hakuna ukuta wa kuuziba.

Kwa hiyo kada anayepelekwa Kilwa, Lindi au Mtwara asiulize tu kama mpaka umelindwa. Aulize pia vijana wangapi wa kijiji wanajifunza kuifanyia kazi mitambo ya gesi, na fundi wa mashua amepata wapi zana zake. Na mwanafunzi atakayepanda mashua kwenda Songo Mnara asitosheke kusifu kuta. Atafute mahali zilipokuwa nyumba za udongo.