Dhoruba Mbili za Mirihi: Tahakiki ya Filamu ya The Martian

Filamu ya The Martian, iliyoongozwa na Ridley Scott mwaka 2015, inatokana na riwaya ya Andy Weir. Mark Watney, mwanaanga aliyeachwa peke yake kwenye sayari ya Mirihi, anasafiri takribani kilomita 3,200 kwa gari la umeme wa jua hadi Schiaparelli, kreta kubwa iliyochimbwa na kimondo. Hoja yangu ni kwamba filamu imebakisha dhoruba isiyowezekana na kuitupa inayowezekana.

Dhoruba ya kwanza ndiyo inayofungua kisa: upepo unang'oa mitambo na kumtenganisha Watney na wenzake. Mgandamizo wa hewa ya Mirihi haufiki asilimia 1 ya ule wa duniani, kwa hiyo upepo wake hauna nguvu hiyo. Weir mwenyewe amekiri hivyo.

Dhoruba ya pili haina kelele. Katika riwaya, vumbi linafifisha jua Watney akiwa njiani, na kila siku betri zinapata umeme kidogo zaidi. Anaigundua kwa vipimo, anaikwepa kwa hesabu. Halafu, akishuka ndani ya Schiaparelli, gari linapinduka. Filamu imeyaacha yote mawili. Safari imebaki mandhari nzuri ya jangwa.

Mtetezi atasema muda wa filamu ni mfupi. Mbona ulipatikana wa kumwonyesha Watney akitoboa glavu yake ili aruke angani, wazo ambalo katika riwaya linatajwa na kukataliwa?

Historia imeipa riwaya haki. Roboti ya NASA iitwayo Opportunity ilitua ndani ya kreta ya Eagle mwaka 2004, ikapita Endurance na Victoria, ikafika Endeavour mwaka 2011. Kwa miaka 14 ilitembea kilomita 45 tu. Mwaka 2018 haikupinduliwa na upepo. Vumbi lilificha jua, ikanyamaza.

Sisi tunaoshuka kwa miguu kutoka vilima vya Gitambi hadi bonde la Bugarama tunajua kwamba mteremko wenyewe ni safari. Taharuki ya kweli hujengwa na hatari inayokuja polepole, ambayo mhusika anaweza kuipima na kuamua la kufanya. Katika filamu Watney anafika. Katika riwaya tunaelewa kwa nini ingewezekana asifike.