Konti si Mtu: Neno Juu ya Ripoti Zinazofungwa kwa Jina la Kuingilia

Wahitimu wenzangu, wengi kati yetu wakimaliza lisansi ya agronomia hawaishii shambani, wanaishia kwenye ripoti. Kilo ngapi za viazi, wakulima wangapi, dola ngapi zimelipwa. Zamani ilikuwa faili la Excel la kutumiana tu. Siku hizi miradi na wanunuzi wa mazao wanaiweka ndani ya Power BI ya Microsoft, na wanajisifu kwamba iko salama: kila mtu akiingia na konti yake, anaona mistari yake tu. Niko na maneno kidogo juu ya huo usalama.

Wazo lenyewe ni zuri, nalisema wazi, na kwetu si anasa. Fikirieni orodha yenye jina la mkulima, kijiji chake, na pesa aliyopokea juma la mavuno. Kwingine hiyo ni takwimu. Huku Beni na Lubero, ambako watu wanatekwa njiani na wengine wanauawa mashambani, ni ramani ya kumfikia mtu. Kanyabayonga iliingia mikononi mwa M23 mwezi wa Juni 2024, na Desemba ya mwaka uleule vita vikafika Alimbongo. Katika kukimbia namna hiyo nani anakumbuka daftari la depo? Linabaki mezani, na yeyote anayeingia analisoma. Ripoti iliyo mbali kwenye seva, imefungwa kwa konti, haisomeki hivyo. Hapo Power BI inashinda daftari, sibishi.

Na namna inavyofanya kazi haiko uchawi. Unatengeneza jedwali dogo: upande mmoja barua pepe ya ajenti, upande mwingine eneo lake. Kisha unaandika kanuni yenye USERPRINCIPALNAME(), inayouliza ni nani ameingia. Ajenti wa Alimbongo anapata Alimbongo, wa Masereka anapata Masereka. Ripoti ni moja badala ya kumi.

Lakini Microsoft wenyewe wameandika jambo ambalo watu hawasomi: kanuni hiyo inamfunga tu yule aliyepewa ruhusa ya kutazama. Ukimpa mtu haki ya kuchangia au ya kusimamia ile nafasi ya kazi, anaona yote, kanuni haimgusi. Sasa tunajuana. Katika biro zetu, nani atathubutu kumpa mkubwa ruhusa ndogo kuliko ya kijana wa takwimu? Heshima inataka apewe kubwa. Mhasibu naye atauliza kwa nini yeye hapana. Baada ya miezi michache waliobaki wamefungwa ni wale vijana wa shambani tu, ambao majina yale wanayajua kwa kichwa.

Kinachonisumbua zaidi ni dhana iliyo chini ya yote hayo, kwamba konti moja ni mtu mmoja. Nani alisema? Nimeona biro moja, sitaitaja, ambapo barua pepe ni moja kwa timu nzima, kompyuta ni moja, na neno la siri limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya skrini. Haiko uzembe tu. Leseni inalipwa kwa kila mtu kila mwezi, umeme ni wa saa chache, intaneti inanunuliwa kwa megabaiti. Mwenye bajeti ndogo ananunua konti mbili, wanatumia watu tisa. Na ajenti akihama au akiachishwa kazi, nani anaondoa jina lake kwenye lile jedwali dogo?

Tena kuna jambo linaloniuma kama agronomi. Kanuni inakata mistari kabla ya hesabu kufanyika. Tuseme mildiu imeingia kwenye viazi, na ajenti wa Alimbongo anaona mavuno yameshuka. Ni mbegu? Ni mvua? Ni wakulima wake tu? Anataka kulinganisha na Masereka na kwingine Lubero, lakini wastani anaoonyeshwa ni wa mistari yake mwenyewe. Ripoti imemlinda mkulima, sawa, na imempofusha yule aliyetumwa kumsaidia.

Dawa iko, na ni ndogo: jedwali la pili la muhtasari, bila majina, lisilounganishwa na lile lililofungwa, linaloonekana na wote. Ila kijiji chenye muuzaji mmoja kiunganishwe na jirani, maana jumla yake ni pesa ya mtu mmoja. Kwa nini wengi hawalitengenezi? Naona ni kwa sababu anayeagiza ripoti anaona picha yote, basi anafikiri wote tunaiona.

Wa afya walilifikiria hili mapema. DHIS2, programu iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo wizara yetu ya afya inaitumia, inatenganisha mahali ambapo mtu anaruhusiwa kuingiza takwimu na mahali anaporuhusiwa kuzitazama. Muuguzi anaweza kuandika za kituo chake tu, na bado akaruhusiwa kuona jumla za zone nzima ya afya. Ina shida zake, lakini hapo walimfikiria mtu wa chini.

Na mkulima mwenyewe? Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 inampa mtu haki ya kufikia habari zinazomhusu. Kwa upande wa kakao na kahawa, sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 juu ya ukataji wa misitu, ingawa imeahirishwa zaidi ya mara moja, inataka alama za GPS za kila shamba, na likipita hekta 4, mipaka yake yote. Kwa hiyo shamba la mama wa Beni litaonekana Ulaya. Katika ripoti zote nilizopitisha mikononi, sijaona hata moja ambayo lile jedwali dogo lina mstari kwa ajili yake. Hata karatasi iliyochapwa, ya kumpa deponi siku ya malipo, ingekuwa mwanzo.