Mtama Uliochorwa Katika Bendera

Mmea uliochorwa si pambo tu. Huweza kumwuliza mtazamaji yeye ni nani. Sisi Warundi tunao mfano. Bendera ya ufalme, baada ya uhuru wa 1962, ilionyesha ngoma ya Karyenda pamoja na mtama. Ufalme ulipoangushwa Novemba 1966, ngoma ikafutwa, mtama ukabaki peke yake. Mwaka 1967 nao ukaondolewa, zikawekwa nyota tatu.

Mchoro ule wa mtama pekee ulikuwa na kasoro: ngoma na mtama vilikutana katika Umuganuro, sikukuu ya kupanda mtama, na kuvitenganisha kulipunguza maana. Hata hivyo ulikuwa na ubora wake. Ngoma ilikuwa ya mwami, bali mtama ni wa kila mwenye jembe, wala haumwulizi mlaji kabila lake. Nyota zahitaji mfasiri: kuna wasemao ni Umoja, Kazi na Maendeleo, kuna wasemao ni Wahutu, Watutsi na Watwa.

Ndugu mwalimu, hapa Mutaho yafaa mwanafunzi achore mmea wa kwao, kisha aeleze kwa Kiswahili sababu ya kuuchagua. Tusikie sababu hiyo kwanza, ndipo tusahihishe sarufi.