Jiwe la Chania

Mliotazama ile video ya mvuvi wa trauti kwenye Mto Chania, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, mmeona samaki alivyokata mshipi akaenda zake. Wengi wanalaumu mshipi. Mimi namlaumu mvuvi, tena si pale ulipokatika: alishakosea alipopanda lile jiwe juu ya dimbwi.

Trauti hukaa kichwa kikielekea maji yanakotoka, kwa kuwa chakula chake huletwa na mkondo. Tangu walipopandwa Aberdare mwaka 1905, wakiletwa kutoka Scotland, tabia hiyo hawajaiacha. Ukisimama upande wa juu, umejipeleka machoni pake. Bwana huyu alisimama wima na shati jeupe, kivuli chake kimelala hadi katikati ya dimbwi. Samaki kudonoa ilikuwa bahati tu. Alipokimbilia chini kwenye mawe, mvuvi akainua ufito, akakaza mshipi, akaganda palepale. Sasa anavuta samaki na mto mzima kwa kiuzi chembamba kuliko unywele. Kingedumu vipi? Angeteremka ukingoni akampita samaki, mkondo ungemsaidia kumchosha.

Kuna wanaosema ukingo wa chini una nyati. Ni kweli, na ndiyo sababu askari wa wanyamapori alikuwapo. Mnamwona kabisa, bunduki begani, ameegemea mti. Nyati hakuhusika. Jiwe lilichaguliwa kwa ajili ya kamera, na hili nimelipigia kelele mpaka wenzangu wamenichoka: mahali pa kusimama panapangwa na samaki, mpiga picha atajijua.

Kurusha kwake kulikuwa safi, na nzi wa kuzama aliyemchagua, yaani chambo cha kuigiza mdudu, alifaa. Lakini mkono mzuri na nzi mzuri havitoshi.

Frank Sawyer, mtunza mto wa Avon kule Uingereza, aliwafunga nzi wake kwa waya mwembamba wa shaba badala ya uzi, wapate uzito wa kuzama. Umahiri wake ulianzia machoni: alimsoma samaki kwanza, mkono ukafuata. Leo mtu ananunua ufito wa kaboni kwa bei ya ng'ombe wa maziwa, halafu anashindwa kutembea hatua ishirini kuzunguka kichaka.

Wewe unayekwenda Chania, shuka kwanza chini ya dimbwi, uiname, ndipo ufungue mshipi.