Ungo wa Mchambuzi

Shangazi yangu wa Kasulu hakujua kusoma, lakini ndiye aliyenifundisha kusoma gazeti. Jioni, kabla moto haujakolea, aliketi kwenye kigoda mlangoni, ungo mapajani, maharage ya njano yametandazwa juu yake. Vidole vilikwenda vyenyewe: kijiwe huku, punje iliyotobolewa na wadudu kule, maganda yakapeperushwa kwa pumzi moja. Siku moja njaa ilinizidi nikamharakisha. Hakuinua hata macho. "Jiwe haliivi, mwanangu," akasema. "Ngoja."

Kazi ile tunaiita kuchambua. Ndiyo maana nilipolikuta neno mchambuzi chini ya jina la mtu gazetini, sikuuliza maana yake. Nilijua huyu ni mtu mwenye ungo.

Gazeti lenyewe lilitufikia kwa tabu. Kabla ya lami, barabara ya kutoka Nyakanazi kupitia Kibondo hadi Kasulu ilikuwa vumbi jekundu wakati wa kiangazi na utelezi mtupu wakati wa masika. Magazeti yaliyopandishwa basi Dar es Salaam yalishuka yamechoka kuliko abiria. La Jumatatu tulilisoma Alhamisi, na hapo redio ilikuwa imekwisha kusema yote: nani kateuliwa, nani kaondolewa, nani kafariki.

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani Kibondo, kwenye baraza la duka, na nakala moja ilitosha kijiwe kizima. Ukurasa wa mbele aliugeuza bila kuutazama. "Hizi tumeshazisikia." Alikwenda moja kwa moja kwenye safu ya uchambuzi, akamkabidhi kijana mmoja asome kwa sauti, miguu yake ikiendelea kukanyaga cherehani. Penye kosa alilisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Huyu anasema waziri hatajiuzulu. Si amejiuzulu jana? Ama ni mwongo, ama haoni." Mwandishi aliyepatia hakusifiwa kwa neno lolote, cherehani iliendelea kulia tu. Lakini wiki iliyofuata jina lake ndilo lililotafutwa kwanza.

Sijaona mtihani mkali kuliko ule. Mjini gazeti husomwa likiwa la moto, na joto huficha ladha. Habari ikichelewa siku tatu huchacha. Uchambuzi ukichelewa siku tatu ndipo hujulikana kama uliiva.

Wala kwetu haikuwa burudani ya kijiweni tu. Miaka ya tisini vita vya Burundi vilikuwa nyuma ya vilima. Mtabila huku Kasulu, Nduta na Kanembwa kule Kibondo, kambi zilijaa Warundi ambao lugha yao na Kiha chetu zinaelewana bila mkalimani. Mwalimu Nyerere alianza kusuluhisha mwaka 1996. Alipofariki Oktoba 1999 Nelson Mandela akaupokea mzigo, na tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ukatiwa saini Arusha. Redio zikashangilia. Lakini mama aliyekuwa kambini na watoto wake alikuwa na swali moja: nifunge mizigo au nipande mihogo? Habari ya saini haikumjibu. Alihitaji mtu wa kumwambia nani hakutia saini. Makundi mawili makubwa yenye bunduki, CNDD-FDD na FNL, hayakuwa ndani ya mkataba ule, na vita viliendelea. Aliyemwonyesha hilo mapema alimwokolea msimu mzima wa kilimo. Huo ndio uchambuzi: hakumwongezea punje hata moja, alimtolea jiwe.

Mwalimu mwenyewe alikuwa fundi wa kazi hii kabla hajashika dola. Katika miaka ya hamsini chama cha TANU kilikuwa na jarida dogo, Sauti ya TANU, lililotolewa kwa mashine ya kudurufu, na yeye ndiye aliyekuwa mhariri wake. Aliyewahi kushika stensili anaijua adha yake. Karatasi ile ya nta haisamehe: taipureta inaitoboa herufi kwa herufi, ukikosea unapaka dawa, unangoja ikauke, unagonga upya, kisha unaifunga kwenye silinda yenye wino, unazungusha mkono, na vidole vinabaki vyeusi hadi kesho. Kazi ya namna hiyo humfundisha mtu kuacha maneno yasiyo na lazima, maana kila neno lina jasho lake.

Toleo namba 29 la Mei 1958 liliwagusa wakuu wa wilaya wa kikoloni, likieleza jinsi walivyokitendea chama. Mhariri akafikishwa mahakamani kwa kashfa, akatiwa hatiani, akaambiwa achague: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa. Mimi husoma kesi ile kama mhakiki anavyosoma tahakiki. Kurasa chache za wino unaochafua vidole, zisizo na picha wala tangazo, zilisomwa na serikali kwa makini kuliko wengi wetu tunavyosomwa leo.

Mwaka huohuo wa 1958, Washington, alikuwepo fundi mwingine. I. F. Stone alikuwa mwandishi aliyebaki bila gazeti wakati Marekani ikiwasaka wakomunisti hata chini ya vitanda. Mwaka 1953 akaanzisha jarida lake la kurasa nne, dola 5 kwa mwaka, mkewe Esther akishughulikia wasomaji. Masikio yake yalikuwa mazito, hivyo badala ya kukimbizana na minong'ono ya wakubwa alisoma nyaraka za serikali hadi ukurasa wa mwisho. Tume ya Nishati ya Atomiki ilipodai kwamba bomu lililolipuliwa chini ya ardhi Nevada halikuweza kutambuliwa na vipimo vilivyo mbali zaidi ya maili 200, Stone alikumbuka vijihabari alivyokuwa amevikata gazetini: mlipuko uleule ulidaiwa kusikika Toronto, Rome na Tokyo. Akawatafuta wataalamu wa matetemeko ya ardhi, wakamwonyesha kituo cha Alaska kilichoupima kutoka maili 2,300. Tume ikalazimika kusahihisha. Hakuwa na siri ya mtu yeyote. Kijiwe kilikuwa hadharani, kimelala katikati ya maharage, na wengine wote walikuwa na haraka ya kupika.

Alianza na wasomaji wapatao 5,300. Alipofunga jarida mwaka 1971 walikuwa karibu 70,000. Tena ungo ulikuwa wake. Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wahenga, na mwenye kuazima ungo huchambua huku akimtazama mwenye ungo usoni.

Huku kwetu, kijiweni kwa mjomba, jina lililotafutwa kwanza lilikuwa la Jenerali Ulimwengu. Yeye na wenzake walianzisha gazeti la Rai mwaka 1993, vyama vingi vikiwa bado vichanga. Baadaye likaja Raia Mwema, na humo safu yake, Rai ya Jenerali. Sentensi zake zilikuwa ndefu, zenye kejeli ya taratibu, na kijana msomaji alijikwaa mara nyingi, lakini mjomba hakukubali aruke hata mstari. Kabla ya Raia Mwema, mwaka 2001, serikali ilitangaza kwamba Ulimwengu si raia. Mtu aliyekwisha kuwa mkuu wa wilaya na mbunge wa nchi hii aliambiwa hivyo. Akaomba uraia, akaupata, akaendelea kuandika.

Siku tangazo lile lilipotufikia gurudumu lilisimama, na halikuwa kosa la mwandishi. Katika vilima hivi vya mpakani kila anayesema Kiha ana hadithi ya kuulizwa babu yake alizikwa wapi. Mjomba mwenyewe alishawahi kushushwa kwenye basi akiwa na sindano mdomoni na suruali ya mteja begani. "Kumbe hata yeye," akasema. Tangu hapo alimsoma kama ndugu, jambo ambalo nadhani lilimpunguzia ukali. Mara mbili tatu nilisikia cherehani ikipita penye kosa.

Siku hizi uchambuzi unafika Kasulu kwa sekunde, umetumwa na mtu aliyetumiwa na mwingine, bila jina wala tarehe. Lami imefika, kuchelewa kumekwisha, na pamoja nako mtihani wa Alhamisi. Nikipokea andiko lenye makelele mengi, huliacha ndani ya simu siku tatu. Mengi hayafiki siku ya pili.

Likizo iliyopita nililala kwa shangazi. Chumba cha wageni kimebandikwa magazeti ukutani kuzuia udongo usidondoke, na kwa tochi ya simu nilisoma safu moja iliyogeuzwa kichwa chini, shingo imepinda. Jina la mwandishi lilikuwa limeliwa na mchwa, tarehe imefunikwa na tangazo la sabuni. Alikuwa akieleza kwa nini ahadi ya bei ya mazao hutangulia uchaguzi na malipo hufuata nyuma kwa mbali. Sikuweza kujua ni uchaguzi upi. Mstari wa mwisho ulikuwa chini ya tangazo, nikaumalizia mwenyewe.

Asubuhi nilimkuta shangazi mlangoni, kigoda kilekile. Macho yake yamefifia. Sasa anachambua kwa ncha za vidole, akiigusa kila punje kama anayehesabu. Nikamwambia habari ya mwandishi wa ukutani. Alisikiliza, akasogea kidogo kunipisha, akausukuma ungo nusu kwenye mapaja yangu.

"Upande huo una mwanga," akasema. "Angalia wewe."